Kibanda Kando ya Kifaru: Pesa Inavyotembea Kwenye Maonyesho ya Magari ya Kijeshi

Kwenye maonyesho makubwa ya magari ya kijeshi, mwonyeshaji huanza kulipa miezi kadhaa kabla ya kumwona mteja wa kwanza. Nafasi inalipiwa. Bima inalipiwa. Bidhaa zinanunuliwa, mafuta yanatiwa, hema linatafutwa. Halafu lango linafunguliwa, watu wanaingia kwa maelfu, na kwa siku tatu hadi tano kila mmoja wao anataka kulipa kwa njia yake. Huyu ana kadi, yule ana simu, mwingine anatoa noti aliyoiweka kwenye droo miaka na miaka.

Watu wengi hupanga bidhaa vizuri sana, na usafiri pia wanaupanga. Malipo wanayaacha yajipange yenyewe. Hapo ndipo pesa hupotelea, na ndipo tunataka kukaa leo.

Najua unajiuliza, magari ya kijeshi yametuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa njia mbili. Wateja wetu wengi wana ndugu Uingereza, na huko majira ya joto ni msimu wa maonyesho ya uwanjani: wikendi moja farasi, wikendi nyingine matrekta, nyingine vifaru. Ndugu huyo akiwa na kibanda cha kahawa ama cha mabegi, mara nyingi wewe uliye hapa nyumbani ndiwe unayemshonea au kumtumia mzigo, na pesa inapita kwenye simu yako. Ya pili ni kwamba yaliyomo humu yanamfaa hata mtu ambaye hatawahi kuvuka Namanga. Uwanja ni uwanja. Jamhuri Park au Kent, mtandao ukikwama umekwama.

Maonyesho yenyewe yakoje

Yaliyovuma zaidi ni yale ya War and Peace, katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Kwa miaka mingi yalifanyika Beltring, kwenye shamba la zamani la hopsi karibu na mji wa Paddock Wood. (Hopsi ni lile ua linaloipa bia uchungu wake.) Mwaka 2013 yakahamia uwanja wa mbio za farasi wa Folkestone, na mwaka 2017 yakarudi kwenye lile shamba. Huko magari hayapangwi tu kwa safu kama kwenye yadi ya mitumba. Yanawashwa, yanaendeshwa kwenye matope, yanapanda vilima. Watu wanapiga kambi na magari yao usiku na mchana, wamevaa sare za vita vya zamani, wanapika kwenye majiko ya jeshi. Pembeni kuna mistari ya vibanda, na mistari hiyo ni mirefu.

Kuna pia Tankfest, siku za vifaru zinazoandaliwa na jumba la makumbusho la Bovington, Dorset. Watu husafiri kutoka mbali kwenda kukiona kifaru kimoja tu, Tiger 131, cha Wajerumani, kilichotekwa Tunisia mwezi Aprili 1943. Kina uzito wa tani zaidi ya 50, na kikinguruma unausikia mlio kwenye mbavu.

Lakini kwa mfanyabiashara, anayejaza uwanja si kifaru. Ni Jeep, Land Rover na lori. Jeep zilitengenezwa zaidi ya 600,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na viwanda vya Willys na Ford. Ndiyo maana hata leo mtu wa kawaida anaweza kumiliki moja, na ndiyo maana spea zake zinauzwa kama mandazi. Land Rover nayo ni mtoto wa Jeep, ukitaka kusema hivyo. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep ya jeshi kwenye shamba lake la Anglesey, Wales, akaona afadhali watengeneze yao. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Ilivyofika kwetu na kukataa kuondoka huhitaji kuambiwa.

Utaona pia malori ya GMC ya magurudumu sita, yale yaliyobeba mafuta na chakula cha jeshi la Marekani kule Ufaransa mwaka 1944. Madereva wengi wa misafara hiyo walikuwa Wamarekani weusi, jambo ambalo halitajwi sana. Na sisi tulikuwapo. Askari wa Keya walipigana Burma, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope ambayo malori yalizama hadi ekseli. Nairobi wenyewe tuna soko zima linaloitwa Kariokor, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi cha vita vya kwanza. Kwa hiyo ukisimama kwenye uwanja wa Kent ukimweleza mzungu kuhusu Burma, si hadithi ya kuazima.

Kuna waonyeshaji wa aina tofauti

Mwenye gari ni mwonyeshaji. Kwa kawaida akijisajili mapema, akatuma picha na maelezo ya gari, anapata kuingia bure au kwa bei nafuu pamoja na nafasi ya kupiga kambi. Hauzi kitu, lakini anatumia. Lori kama GMC linakwenda kama kilomita tatu kwa lita moja, kwa hiyo safari ya kilomita 150 kwenda na nyingine kurudi ni lita 100 hivi. Kifaru hakiendi kwa magurudumu yake barabarani. Sherman ina tani kama 30, inabebwa na trela, na trela si bure. Kuendesha gari la minyororo kwenye barabara za Uingereza unahitaji leseni ya kundi H. Magari mengi yaliyopita miaka 40 yamesamehewa kodi ya barabara, na mara nyingi ukaguzi wa kila mwaka pia kama hayajabadilishwa sana. Bima haijasamehewa mtu.

Wapo wa kambi za historia, wale wanaoigiza maisha ya askari. Hao tuwaache, pesa yao inatoka tu.

Halafu kuna mfanyabiashara, ambaye ndiye wetu leo. Analipia nafasi kwa urefu wa mbele ya kibanda, na kwa kawaida anaombwa cheti cha bima ya madhara kwa umma, yaani bima inayolipa ikiwa kamba ya hema lako imemwangusha mtu. Akiuza chakula lazima asajili biashara kwa serikali ya mtaa wake siku 28 kabla ya kuanza kuuza. Usajili huo ni wa bure, kwa hiyo mtu akikuomba pesa ya kukusajilia, jua umekutana na wale wale.

Neno moja hapa kwa walio Kenya, na ni zito kuliko yote ya senti. Viza ya kawaida ya mgeni kwenda Uingereza inakuruhusu kuhudhuria maonyesho ya biashara na kutangaza bidhaa zako. Haikuruhusu kuuza moja kwa moja kwa umma. Ukibeba masanduku mawili ya vyondo ukaenda ukafungua meza Kent ukauza, umevunja masharti ya viza, na hiyo itakufuata kwenye kila ombi utakalotuma baadaye. Kuna mawakala mitaani wanaouza safari za namna hii kama "trip ya maonyesho", wakichukua pesa kwa simu, wakiahidi kwamba ukifika huko utauza urudi na faida. Usilipe. Anayestahili kuuza ni yule ndugu anayeishi huko kwa kibali kinachomruhusu kufanya biashara. Wewe muuzie yeye kwa jumla. Tangu Machi 2021 mkataba wa biashara kati ya Kenya na Uingereza unaruhusu bidhaa za Kenya kuingia bila ushuru wa forodha, mradi zina uthibitisho wa asili yake. VAT bado iko palepale.

Hesabu kabla ya lango kufunguliwa

Tupige hesabu ya mfano. Dada yako Kent anataka kuuza mabegi ya turubai yenye mikanda ya ngozi, yaliyoshonwa Kariokor. Ni bidhaa nzuri kwa umati huo. Watu wanaopenda magari ya jeshi wanapenda turubai kuliko wanavyopenda hariri. Tuseme nafasi ni pauni 400, bima 80, mafuta na kambi 120. Jumla 600, na hizo atazilipa hata asipouza kitu.

Begi moja limemgharimu pauni 12 mpaka likafika mezani, naye analiuza 25. Kampuni ya mashine ya kadi inakata, tuseme, asilimia 1.75, yaani peni 44 hivi. Anabaki na pauni 12 na peni 56 kwa kila begi. Gawanya 600 kwa hiyo. Anahitaji kuuza mabegi 48 ili arudishe tu gharama ya kuwa pale. Kwa siku tano ni karibu kumi kwa siku, na siku moja kati ya hizo lazima itanyesha, hiyo ni Uingereza. Begi la 49 ndilo linaloanza kumlipa.

Sasa ukibeba mabegi 100 ili uwe na akiba, mzigo peke yake ni pauni 1,200. Pamoja na zile 600, pauni 1,800 zimetoka kabla ya mtu yeyote kusema "hili ni bei gani?" Ukiwa na chama, hapa ndipo chama kinasaidia. Ukikopa kwa simu kwa mkopo wa siku 30, angalia tarehe mara mbili, kwa sababu nafasi inalipiwa mwezi wa pili na mauzo yako mwezi wa saba. Mkopo mfupi haufiki huko.

Malipo ya nafasi yana hatari yake. Maonyesho haya huhama viwanja, hubadilisha waandaaji, na mwaka 2020 mengi yalifutwa kwa sababu ya korona. Watu waliokuwa wamelipa mapema wakajikuta wanasoma masharti ya marejesho kwa mara ya kwanza, kumbe walipaswa kuyasoma siku ile ya kulipa. Kwa hiyo kabla hujatuma chochote, jua mambo matatu: show ikiahirishwa pesa inarudi au inasukumwa mwaka ujao? Ukijitoa wewe mwenyewe unakatwa kiasi gani? Na akaunti unayotumia ni ya jina gani? Benki za Uingereza hulinganisha jina uliloandika na jina la mwenye akaunti kabla ya pesa kutoka. Ikikwambia halilingani, usibonyeze endelea eti kwa sababu nafasi zimebaki mbili. Piga simu kwa waandaaji, kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyokuja kwenye barua pepe yenye ankara.

Kwetu pia jina ndilo kila kitu. Dada akituma pesa kwa fundi wa Kariokor, jina litatokea kabla hajathibitisha. Kama fundi anajulikana kama Baba Kevo na jina linalotokea ni la mwanamke asiyemjua, asimame hapo. Huenda ni laini ya mke wake kweli. Huenda si yake. Dakika mbili za kupiga simu ni bei rahisi kuliko kufuatilia muamala ambao mtu ameshautoa kwa wakala. Na usimtumie fundi zote kwa mpigo. Theluthi ya kununua turubai na ngozi, theluthi ukiona picha za mabegi yaliyokamilika, iliyobaki mzigo ukipimwa pale kwa msafirishaji. Kumbuka pia kikomo cha KSh 250,000 kwa muamala mmoja. Pesa ya mzigo mkubwa itagawanyika, basi panga siku, usingoje Ijumaa jioni.

Pesa inapoanza kuingia

Uwanja wa maonyesho ni shamba. Siku nyingine zote lina kondoo na mkulima mmoja mwenye simu moja. Ghafla kuna watu maelfu wanaorusha video za vifaru kwa wakati mmoja, na mnara ni ule ule. Saa tano asubuhi mashine yako ya kadi inazunguka, inazunguka, inakwambia jaribu tena. Mteja amesimama na begi mkononi. Nyuma yake kuna wanne. Wawili wa mwisho wanaondoka.

Dawa ni kuwa na njia zaidi ya moja na kuzijaribu nyumbani. Laini mbili za kampuni tofauti. Mashine ambayo inaweza kuhifadhi malipo bila mtandao ikayatuma baadaye, lakini ujue kwamba malipo hayo kama yakikataliwa jioni, hasara ni yako, kwa hiyo usiitumie kwa kitu cha bei kubwa. Chaji: pawabanki mbili, na moja usiiguse mpaka saa tisa. Chenji pia, ya noti ndogo na sarafu, maana mtu wa kwanza asubuhi atakupa noti ya 20 kwa kitu cha pauni tatu.

Na noti hizo, zitazame. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kuwa halali madukani tarehe 30 Septemba 2022. Zinazotumika sasa ni za plastiki. Umati wa maonyesho haya una wazee wengi, na wazee huweka pesa. Mzee anayekupa noti ya karatasi pengine wala si mwongo, amesahau tu. Mwambie kwa heshima aipeleke benki. Ukiipokea utaipeleka wewe.

Kadi ya kugusisha tu bila nambari ya siri iliongezwa kikomo hadi pauni 100 mwezi Oktoba 2021, na kwa bidhaa ya pauni 25 hiyo inatosha. Hatari kubwa haiko kwenye kadi. Iko kwenye lile neno "nimeshatuma". Mtu anakuonyesha skrini ya simu yake ina alama ya kijani, anachukua mabegi matatu, anapotelea kwenye umati wa watu wote waliovaa kaki. Utamtambua vipi? Skrini yake si pesa yako. Pesa yako ni ile iliyo kwenye akaunti yako, na unaithibitisha kwa kutazama simu yako mwenyewe.

Hii tumeisema mara nyingi kwenye ukurasa huu na tutaisema tena, kwa sababu nyumbani inatokea kila wiki. Ujumbe wa malipo wa kweli unatoka kwa jina la huduma, hautoki kwa nambari ya kawaida ya simu iliyoandikwa kwa maneno yanayofanana. Ukipata shaka, usihesabu maneno ya ujumbe, angalia salio. Na yule anayekupigia baada ya dakika tano, "Mkubwa, nimekosea nikatuma 4,500 badala ya 450, tafadhali nirudishie", usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige kwa huduma kwa wateja aombe muamala urudishwe kwa utaratibu. Kama alikosea kweli, atapata. Kama ni mchezo, atakutukana akate simu.

Ukiwa na msaidizi kibandani, usimpe PIN. Hata akiwa mtoto wa dada. Siyo kwamba ni mwizi. Ni kwamba siku pesa ikipungua hutakuwa na njia ya kujua imeenda wapi, na yeye hatakuwa na njia ya kujitetea. Omba till ambayo ujumbe wa malipo unaweza kufika kwenye simu ya pili pia, ili aone pesa imeingia bila kuwa na uwezo wa kuitoa. Anauza kwa amani, nawe unaenda chooni kwa amani.

Spea, sare na "tuma deposit"

Sehemu ya uwanja ambayo mkazi wa Nairobi atajisikia nyumbani ni ile ya spea kuukuu. Ni Grogan kabisa, ila nyasi badala ya lami. Kabureta ziko chini kwenye turubai, taa za Bedford ndani ya makreti, madebe ya mafuta ya chuma yamepigwa mhuri wa mwaka 1943, na mwenye meza anajua kila kipande kilitoka wapi. Bei unapatana. Unalipa, unabeba, kwaheri.

Shida huanza kipande kikiwa hakipo. Muuzaji anakwambia giaboksi unayotaka iko ghalani kwake, tuma nusu atakuletea wiki ijayo. Wengine ni waaminifu kabisa, ndivyo biashara hii inavyokwenda, watu wanajuana kwa miaka. Lakini wewe hujamjua kwa miaka. Mwombe picha ya giaboksi ikiwa na nambari zake, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kando yake. Lipa kwa njia inayokuacha na rekodi na inayoweza kupingwa. Usitume kwa njia ya kutuma kwa ndugu na rafiki ili "tuokoe ada". Ada hiyo ndiyo inayokununulia haki ya kulalamika.

Kuna wanaopata wazimu wa kutaka kuleta Jeep nzima Kenya. Pole pole. KEBS kwa kawaida hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Jeep ya 1943 ina usukani wa kushoto juu ya hayo. Mtu anayekwambia atakupitishia bandarini ukimtumia KSh 80,000 leo jioni anajua mambo mawili: kwamba hawezi, na kwamba unaipenda sana hiyo Jeep.

Sare ni kali zaidi. Kwenye vibanda vya Kent, jaketi na kofia za jeshi zinauzwa wazi kama mitumba ya Gikomba, na huko si kosa. Hapa Kenya raia kuvaa sare za jeshi bila idhini ni kosa la jinai, na askari atakayekusimamisha Thika Road hatataka kusikia kwamba ni ya kukumbuka Burma. Usimtumie mtu pesa akununulie. Bunduki zilizozimwa, ambazo kule zinauzwa na cheti chake, hata usiulize bei.

Jamhuri Park

Kwa wasioenda popote: KDF huleta vifaa vyake Jamhuri Park wakati wa Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi, na unajua watoto wa shule hujazana wapi. Kibanda cha soda au cha kachiri kilicho kwenye njia ya kwenda huko kina wateja kuliko kilicho karibu na jukwaa kuu, na mtandao wake hulemewa kabla ya wengine. Wanafunzi wanakuja na pesa taslimu, walimu wanalipa kwa simu kwa darasa zima. Andika nambari ya till kubwa, kwa wino usiooshwa na mvua, mbele na ubavuni. Andika pia jina litakalotokea wakati wa kulipa, maana mwalimu akiona jina asilolitarajia atasita, na ana haki ya kusita.

Programu ya simu ikikataa kwa sababu data imelala, mwambie mteja ajaribu kwa kupiga ile nambari fupi yenye nyota na alama ya reli. Hiyo haihitaji bando, na inafanya kazi hata kwenye mulika mwizi. Tunashangaa ni wauzaji wangapi wanaopoteza mauzo kwa kutojua hilo.

Kila siku ukifunga, linganisha vitu vitatu: bidhaa zilizotoka, pesa taslimu iliyo kwenye mkebe, na orodha ya miamala. Fanya palepale, ukiwa bado unakumbuka kwamba yule mama wa kofia nyekundu alichukua mbili akalipa moja kwanza. Kesho hutakumbuka. Aliye Uingereza aweke orodha hiyo vizuri, kwa sababu mapato ya biashara yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, ni lazima ayatangaze.

Siku ya mwisho wanunuzi huja wakiwa wamekunja mikono. Wanajua hutaki kubeba mabegi 30 kurudi nayo. Jua mapema bei yako ya chini kabisa, na ile pauni 12 uliyonunulia iwe kichwani, si kwenye daftari lililo ndani ya gari. Halafu kabla ya kung'oa hema, kumbuka kwamba pesa za kadi za siku hiyo bado hazijafika benki. Mara nyingi huchukua siku moja hadi tatu za kazi, na kama unafunga Jumapili jioni, hesabu kuanzia Jumatatu. Mafuta ya kurudi nyumbani yatoke kwenye mkebe wa pesa taslimu, kwa hiyo usiupeleke wote kwa yule jamaa wa kabureta.